Maji ya Mjukuu wa Kwanza

Moliehi alibisha mlango wa jirani kwa kiwiko, maana viganja alikuwa amevificha kwapani na hakuwa tayari kuvitoa. Theluji ilimfika magotini. Milima yote ya Mokhotlong ilikuwa nyeupe pe, na moshi wa nyumba za watu ulipanda wima kwenda mbinguni, isipokuwa wa nyumba moja tu. Nyumba hiyo ilikuwa yao.

"Usiniambie moto umezima tena," ’Mathuso alisema hata kabla hajafungua sawasawa.

"Umezima, ’M’e," alijibu, kama huko anavyoitwa mama yeyote. "Naomba samadi kavu ya kuwashia, kikapu tu. Yetu imelowa, theluji imepenya kibandani."

"Imepenya! Na wa kuziba kibanda ni nani? Kaka yako yuko na kondoo kutwa, sawa, naye ni mtu mmoja. Baba yako je? Bado amekaa?"

"Bado amekaa."

"Pale pale?"

"Pale pale, ’M’e."

’Mathuso alishusha pumzi. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na kitasa. Akageuka ndani, akampigia kelele mumewe aliyekuwa anaota moto: "Baba Thuso, hebu mjazie huyu mtoto kikapu! Kwao hakuna mwanamume!"

"Mwanamume yupo," Moliehi alisema.

Lakini alilisema neno hilo kwa sauti ndogo, na hakuna aliyelisikia. Akapokea kikapu, akashukuru mara mbili kama inavyompasa anayeomba, akageuka kurudi kwao huku machozi yakimganda kwenye kope. Hakulilia maneno ya ’Mathuso. Alililia kwamba yalikaribia kuwa ya kweli.

Katika nyumba yao ya mviringo, kama katika nyumba zote za huko, wanaume hukaa kulia kwa mlango na wanawake kushoto. Lakini tangu ’Mamohau, mama yao, alipozikwa mwanzoni mwa baridi, baba yao, Ntate Lebusa, alikuwa amehamia kushoto. Alikaa juu ya ngozi ya ng’ombe ya mkewe, mgongo ukutani, miguu ameikunja, kama mtu anayemlindia mwenzake nafasi asije mwingine akaikalia. Alitoka kwa haja tu. Kondoo wake, ambao zamani aliwatambua mmoja mmoja kwa kikohozi, hakuwauliza tena hali.

Kipupwe kile chote Moliehi alikuwa na ombi moja: baba ainuke. Hakuomba acheke, wala aimbe. Ainuke tu, avuke upande ule.

Na sasa ombi hilo lilikuwa na haraka. Shangazi ’Masetho, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kuzika akabaki, alikuwa ameshakata shauri. Barabara ikifunguliwa tu, nyumba inafungwa. Lebusa na Moliehi watakwenda naye Leribe, bondeni, kwenye joto kidogo. Kaka yake, Mohau, atakwenda kuishi kwa wakwe zake. Kondoo watapata wa kuwanunua. Tingatinga la barabara lilikuwa limeanza kusikika kutoka upande wa mlimani, linaguna na kunyamaza, linaguna na kunyamaza.

&nbsp;

"Fungua mdomo, Lebusa."

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini? Hewa?" Shangazi alikuwa amepiga magoti na bakuli la uji mchachu wa mtama, kijiko kimesimama hewani. "Mimi nilikulisha kabla hujaota meno. Hunishindi leo."

Ntate Lebusa alimeza kijiko kimoja, kwa heshima ya dada yake, kisha akageuza uso. Uji ukamdondoka ndevuni. Shangazi akaupangusa kwa ncha ya shali yake, na Moliehi akatazama pembeni, kwa sababu baba yake alikuwa mtu ambaye watu wa vijiji vitatu walimwita kuamua kesi za malisho.

Mohau alikuwa anafunga mabuti yake ya mpira. Alikuwa kijana mrefu mwenye utani mwingi, na kipupwe kile aliutumia wote kama mtu anayetumia kuni zake za mwisho.

"Shangazi, nikihamia kwa wakwe nimekwisha. Mwanamume anayelala kwao mke! Watanipa sahani ya watoto, na nyama watanikatia."

"Wakupe. Utakula, si utakula?"

"Na mke wangu atasema nini?"

"Atasema ahsante, mume wangu yuko hai, hakugandia chini ya paa la kuvuja." Shangazi aliweka bakuli chini. "Halafu nisikilizeni nyote, maana mke mwenyewe siku zake zimetimia. Habari ikija kutoka kwao, ije kwa adabu. Mtu aingie, akae, aseme polepole. Hapa pana msiba. Sitaki fimbo, sitaki maji, sitaki vigelegele."

Mohau aliinamisha kichwa. Khahliso, mkewe, alikuwa amekwenda kujifungulia kwao ng’ambo ya mto, kama kila mke anavyofanya kwa mimba ya kwanza. Na kila mwanamume wa milima ile anajua jinsi habari ya mzaliwa wa kwanza inavyomfikia. Haambiwi. Akizaliwa mvulana, watu wa upande wa mke humvizia baba wakamcharaza fimbo. Akizaliwa msichana, humvizia wakammwagia maji. Tangu utoto Mohau aliwaona wengine wakikimbizwa hivyo kuzunguka mazizi huku wanacheka kama wendawazimu, naye alisubiri zamu yake.

"Hata fimbo moja, Shangazi? Mimi sikatai kupigwa."

"Hata kibao."

"Shangazi..."

"Mama yako hajakauka kaburini, Mohau!"

Ntate Lebusa alifumba macho. Mohau akasimama, akaenda kumwinamia baba yake, akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Ntate, naomba kuazima blanketi lako. Langu la harusi linafaa kanisani, kwenye theluji ni kama karatasi."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mohau akajifunga lile blanketi zito la kijivu, akachukua fimbo yake na koleo la kufukulia theluji, akatoka kwenda kwa kondoo. Moliehi alichukua blanketi la harusi la kaka yake, jekundu la rangi ya divai lenye michirizi ya dhahabu, akalibana mabegani mwa baba yake, juu ya shati lenye kile kitambaa cheusi cha mfiwa. Kisha akamvika boshori la sufu, lile la kufunika uso wote yakabaki macho. Ntate Lebusa alikubali kuvalishwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi Moliehi, jinsi alivyokubali.

"Ntate, hutaki kwenda Leribe. Mimi najua hutaki."

"Ni sawa tu, mwanangu," alisema ndani ya sufu. "Popote ni sawa tu."

&nbsp;

Samadi ya ’Mathuso ilishika moto vizuri. Moliehi alikuwa ametoka kumwaga majivu wakati baba yake alipomfuata nyuma, akampita bila neno, akaelekea nyuma ya nyumba kwa haja, mwendo wake wa kuburura miguu ukichora mfereji kwenye theluji.

Ndipo Moliehi alipoona pindo la sketi ya kijani nyuma ya ukuta wa zizi.

Aliangalia tena. Ukutani palikuwa na kichwa, kikazama. Kikatokea kichwa cha pili, cha mama mtu mzima, nacho kikazama. Chini ya mteremko, farasi mdogo mwenye matandiko alikuwa amefungwa kwenye kigingi, anapuliza mvuke. Moliehi hakuwa ameolewa, lakini hakuwa mjinga. Wanawake wageni hawajifichi nyuma ya zizi la watu katika baridi ile bila sababu. Moyo wake ulilipuka kwa furaha. Amezaliwa! Kisha, papo hapo, ukaanguka, kwa sababu aliliona blanketi jekundu likikaribia ukuta ule, na boshori, na hakuna uso.

"Ngojeni!" alipiga kelele. "Huyo siye..."

Msichana wa sketi ya kijani aliruka kutoka nyuma ya ukuta kama chui, ndoo mikononi. Ilikuwa ndoo nzima, ya maji ya chemchemi, na vipande vya barafu vikigongana ndani. Yote ilimpata Ntate Lebusa kichwani.

"Shemejiii! Ni msichana, shemeji! Msichanaaa!" Na vigelegele vikapanda hadi vileleni, na milima ikavirudisha.

Vilikatika ghafla. Blanketi lilikuwa limefunguka, na juu ya shati lililolowa msichana alikiona kitambaa cheusi. Kisha mkono uliokunjamana ukavua boshori, na chini yake zikatokea ndevu nyeupe.

Ndoo ikamponyoka. Yule mama mtu mzima, ’Makali, shangazi yake Khahliso, alianguka magoti kwenye theluji, mikono kichwani. "Mungu wangu, Keneuoe! Umemmwagia mkwe! Umemmwagia mzee wa msiba!"

"Nililitambua blanketi!" Keneuoe alilia. Alikuwa mdogo wake Khahliso, naye alikuwa amemwona shemeji yake mara moja tu, siku ya harusi. Siku ile blanketi lilionekana zaidi kuliko bwana harusi. "Shangazi, si nililichagua mimi dukani? Nililitambua!"

Shangazi ’Masetho alitoka nyumbani akiwa na kijiko. "Nani? Nani amemuua ndugu yangu? Mfiwa anamwagiwa maji? Ninyi mmetoka wapi, mmelelewa na nani? Kwenu hamjui msiba?"

"Tusamehe, ’M’e..."

"Nisamehe nini? Atakufa kwa pafu kama mkewe! Mtarudi kuniomba msamaha na jeneza?"

"Baridi," Ntate Lebusa alisema.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama vile vile, mikono ameitanua kama jogoo aliyenyeshewa, maji yakimtiririka puani.

"Baridi!" alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha likamtoka lote. "Mama yangu weee! Baridi! Baridi, jamani!" Na akaanza kuruka, mguu huu, mguu ule, mzee mzima, anajipiga mabega, anatukana maji na chemchemi na aliyeigundua. Moliehi alisimama na kopo la majivu. Ile sauti! Hakuwa ameisikia tangu mazishi. Ilikuwa sauti ya kuamua kesi za malisho.

Halafu mzee akaacha kuruka. Akamkazia macho Keneuoe.

"Binti. Ulishika nini?"

"Ndoo, Ntate. Nisamehe, Ntate."

"Si fimbo?"

"Si fimbo, Ntate."

"Nionyeshe na mkono ule mwingine."

Keneuoe akauonyesha, mtupu, umekuwa mwekundu kwa barafu.

"Basi ni msichana," alisema Ntate Lebusa. Meno yalikuwa yanamgongana. "Nimepata msichana."

"Mnene, Ntate! Ana mashavu, huoni macho..." Keneuoe alidakia, mpaka ’Makali akamfinya.

&nbsp;

Kilichofuata kilikuwa fujo ya watu wenye kumpenda mtu mmoja. Walimvua nguo zilizolowa, wakamfunika mablanketi yote ya nyumba. Shangazi alimsugua kifua kwa mafuta ya kondoo akiendelea kugomba, ’Makali alimsugua miguu akiendelea kuomba radhi, Moliehi alimwaga samadi yote ya jirani motoni bila kujali kesho. Moto ukanguruma. Kwa kuwa wanawake walikuwa wengi, na wageni, upande wa kushoto ulijaa, na katika purukushani ile walimketisha mzee upande wa kulia.

Keneuoe alitafuta pa kujibanza, akaketi juu ya ngozi ya ng’ombe.

Mikono yote ikasimama. Shangazi aliacha kusugua. Msichana alitazama huku na huku, akajua amekosea tena, hakujua nini. Alianza kuinuka.

Ntate Lebusa aliitazama ile ngozi, na msichana juu yake, sketi imelowa hadi magotini kwa njia ndefu aliyotembea.

"Kaa," alisema. "Kaa, mwanangu. Ngozi hiyo ina joto. ’Mamohau alikuwa anasema hakuna yenye joto kama hiyo."

Lilikuwa jina ambalo hakulitaja tangu kaburini. Alilitaja, wakangoja kuona litamfanya nini. Likamfanya alie, kweli, mabega yakatikisika chini ya mablanketi. Lakini alilia akiwa anaongea, na hakuacha kuongea.

"Mohau alipozaliwa, kaka za mama yake walinivizia mtoni. Wanne! Na fimbo za mzeituni. Nilikimbia na suruali mkononi. Nilipofika kumwona mtoto nimevimba, ’Mamohau akanitazama akasema, ‘Afadhali mimi, wangu uchungu umekwisha.’ Halafu wewe, Moliehi. Wewe ulikuja wakati wa baridi kama huu. Hukuwa wa kwanza, lakini maji niliyomwagiwa siku ile! Mama yako alicheka mpaka mkunga akamkataza."

"Hukuwahi kutuambia," Moliehi alisema.

"Hamkuzaliwa tena nikapata nafasi ya kusimulia," baba alijibu, na Keneuoe akacheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Cheka tu," Shangazi alisema kwa ukali. "Umeshatuharibia msiba, utabakiza kicheko?"

’Makali alikuwa na lake moyoni. "Ntate, mimi nafikiria nyumbani. Nitawaambia nini? Habari imemfikia asiye mwenyewe. Mwenye mtoto hajui. Sasa nikimwambia kwa mdomo tu, mtoto atakuwa kama ameletwa kwa siri."

"Hawezi kuambiwa kwa mdomo," alisema Ntate Lebusa. "Moliehi, leta ndoo."

"Lebusa," Shangazi alianza, "nilisema asubuhi..."

"Ulisema, dada. Nilisikia. Nimekuwa nasikia kila kitu." Alimshika mkono uliojaa mafuta. "Umenilisha, umenisugua, umenililia. Sitasahau. Lakini barabara ikifunguka utakwenda Leribe peke yako. Mimi nina mjukuu, atakuja hapa na mama yake wakishamaliza siku za uzazi, na kibanda kinavuja."

Shangazi ’Masetho alimtazama kwa muda mrefu. Kisha alimnyang’anya Moliehi ndoo, akaijaza, akaichuchumalia na kuisogeza kwenye moto.

"Unafanya nini, dada? Maji ni baridi. Desturi ni maji baridi."

"Desturi ni maji. Mmoja ameshalowa barafu leo, wa pili halowi mimi nikiwa na macho. Nyamaza, yapate vuguvugu."

&nbsp;

Mohau alirudi jua likiwa bado juu ya kilele, kondoo mbele, kichwa chini. Nyuma ya mlango watu watano walisimama wamebanana, wanasukumana, wanaambiana wanyamaze.

"Usimwage mapema, Ntate," Keneuoe alinong’ona.

"Nimeyamwaga haya kabla mama yako hajakuogesha. Sogea."

"Anafika, anafika..."

"Shh!"

Ntate Lebusa alitoka na ndoo, mwili wote umefungwa mablanketi kama mzigo wa punda, na kabla mwanawe hajainua uso alimmwagia yote, kuanzia utosini.

Mohau aliganda. Maji yale ya moto wa Shangazi yalikutana na baridi ya mlima, na mvuke ukampanda kutoka kichwani, kutoka mabegani, kutoka kwenye blanketi la kijivu, mpaka akawa kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Alitazama ndoo. Akamtazama aliyeishika.

"Ntate?"

"Msichana," baba yake alisema. "Mashavu makubwa, naambiwa, macho huyaoni."

Mohau hakupata utani. Kwa mara ya kwanza kipupwe kile hakupata hata mmoja. Alipiga magoti kwenye theluji, akamkumbatia baba yake kiunoni, akalia na kucheka bila mpangilio, naye mzee akasimama akimpigapiga mgongo uliolowa. Keneuoe alipiga kigelegele. Shangazi akamwambia anyamaze. Kisha yeye mwenyewe, kwa koo la mwanamke ambaye alikuwa ameapa kutofanya hivyo, akapiga kimoja, kirefu, na milango ya nyumba za chini ikaanza kufunguka.

"Mwingizeni ndani huyu kabla hajaganda," alisema akifuta macho kwa shali. "Mnamtazama nini?"

Katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kondoo. Walikuwa wamelipita zizi, wanateremka polepole kuelekea korongoni, ambako theluji ilikuwa imerundikana na shimo halionekani. Moliehi aliona kwanza. Aliokota fimbo ya kaka yake na kuanza kukimbia.

Mkono ukamshika begani, ukaichukua fimbo.

"Wewe kamkaushe ndugu yako," Ntate Lebusa alisema. "Hawa ni wangu."

Akapita mbele yake, magoti juu, theluji ikirushwa huku na huku, mablanketi yakiburuzika. Alipofika ukingoni alisimama, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi. Wa kwanza ulitoka hewa tupu. Akalowesha midomo, akapiga wa pili.

Kondoo walisimama. Wakainua vichwa, wote pamoja, wakatega masikio kule sauti ilikotoka. Kisha yule jike mzee wa mbele akageuka, na kundi zima likaanza kupanda kumfuata.